Yungiyungi Chotara Linapogoma: Dalili, Vyanzo na la Kufanya

Majani yamefunika bwawa lakini ua halionekani. Au kila wiki kuna majani matatu, manne ya njano. Au mmea uliokuwa ukitoa maua mekundu sasa unatoa meupe. Wengi wakifika hapo hukimbilia mbolea, na mbolea ikishindwa hukimbilia dawa. Mara nyingi vyote viwili huongeza tatizo, kwa sababu swali la kwanza halijaulizwa: hili yungiyungi ni chotara la ukoo gani?

Chotara hurithi. Kina cha maji linachotaka, saa ya kufungua ua, namna shina linavyokua, hata kama litazaa mbegu au la, yote yanatoka kwa wazazi wake. Dalili ileile inaweza kuwa ugonjwa kwa chotara moja na kawaida kabisa kwa jingine. Kwa hiyo tunaanza kwa kulitambua, ndipo tuingie kwenye dalili.

Litambue kabla ya kulitibu

Ukiyatazama kwa mbali, mayungiyungi ya jenasi Nymphaea yanafanana: jani la duara lenye ufa unaofika kwenye kikonyo, ua lenye petali nyingi, mizizi iliyozama topeni. Sogea karibu, shika jani moja, pitisha kidole ukingoni.

Ukingo ukiwa laini bila meno, ua likielea au kunyanyuka kidogo tu, na shina nene likitambaa kwa ulalo ndani ya udongo, hilo ni la kundi la baridi. Huchanua mchana na kufunga alasiri. Machotara mengi ya kundi hili yanatokana na kazi ya Mfaransa Joseph Bory Latour-Marliac, aliyekuwa na kitalu Temple-sur-Lot na akayaonyesha mayungiyungi yake katika Maonyesho ya Dunia ya Paris mwaka 1889. Kabla yake, mayungiyungi yaliyostahimili baridi ya Ulaya yalikuwa karibu yote meupe. Yeye aliyachanganya na spishi za Amerika, akapata njano, waridi na wekundu. Mchoraji Claude Monet alinunua kwake mayungiyungi ya bwawa la bustani yake huko Giverny, Ufaransa.

Ukingo ukiwa na meno au mawimbi, ua likisimama sentimita 15 hadi 30 juu ya maji kwa kikonyo kigumu, na chini kukiwa na kiazi kilichosimama wima badala ya shina linalotambaa, hilo ni la joto. Humu ndimo zilimo rangi za buluu na zambarau, na harufu tamu inayosikika kabla hujafika bwawani. Kundi la joto lina matawi mawili. Ya mchana hufungua asubuhi na kufunga jioni. Ya usiku, kama 'Red Flare', yana meno makali ukingoni mwa jani, hufungua giza linapoingia na kufunga kesho yake kabla ya adhuhuri. Rangi zake ni nyeupe, waridi na nyekundu, hakuna buluu.

Rangi peke yake isikudanganye. Njano, kwa mfano, ipo pande zote. 'Marliacea Chromatella' ni la njano na ni la baridi. 'St. Louis', lililotolewa mwaka 1932 na George Pring wa bustani ya mimea ya Missouri huko Marekani, nalo ni la njano, lakini njano yake ilitoka kwa spishi ya Tanganyika, na mmea wenyewe unataka maji ya uvuguvugu kama ndugu zake wote wa joto. Ukiwatunza sawasawa hao wawili kwa sababu wanafanana rangi, mmoja utamkosea.

Kuna tahadhari moja zaidi. Kwa muda mrefu makundi haya mawili yalishindwa kuzaliana. Mwaka 2007 nchini Thailand likatokea 'Siam Blue Hardy', chotara la buluu lenye uwezo wa kustahimili baridi, na tangu hapo machotara ya makundi mchanganyiko yameongezeka. Kwa hayo, ukingo wa jani na urefu wa kikonyo vinaweza kupingana. Ukikwama, nyanyua chombo utazame chini ya udongo: shina linalotambaa au kiazi. Hiyo ndiyo hukumu ninayoiamini kuliko nyingine zote.

Majani tele, maua hakuna

Anza na jua, maana ndicho chanzo cha kawaida kuliko vyote. Yungiyungi chotara linataka saa 6 za jua la moja kwa moja kwa siku, na zikizidi ni heri. Usikadirie kwa macho asubuhi ukaridhika. Tazama bwawa asubuhi, adhuhuri na alasiri, ujue kivuli cha ukuta au mti kinafika lini na kuondoka lini. Bwawa lililokuwa wazi miaka mitatu iliyopita linaweza leo kuwa chini ya mti uliokua kimyakimya. Yapo machotara yanayovumilia saa 3 au 4, na 'Marliacea Chromatella' na 'Dauben' ni kati ya hayo, lakini hata hayo yatachanua kwa uchache. Kama tatizo ni jua, hamisha chombo au punguza matawi. Hakuna mbolea inayofidia jua.

Jua likitosha, tazama njaa. Huu ni mmea mlafi, na udongo wa chomboni huisha rutuba upesi. Linaloona njaa hutoa majani yanayopungua ukubwa kila jipya linapofika juu, rangi yake hafifu, na maua yakitokea huwa madogo. Tumia vidonge vya mbolea vya mimea ya majini, uvididimize sentimita 5 hadi 10 ndani ya udongo karibu na mizizi, kisha uzibe tundu kwa kidole. Rudia kila wiki 3 hadi 4 wakati mmea unakua. Mbolea iliyonyunyizwa majini hailiwi na yungiyungi. Inaliwa na mwani, na baada ya siku chache utakuwa na maji ya kijani.

Njaa ina kinyume chake. Majani makubwa, ya kijani kilichokolea, yanayosukumana kwa wingi bila tumba hata moja, mara nyingi yanaonyesha naitrojeni imezidi. Hapo acha kulisha kwa muda, na ukirudi chagua mbolea ambayo fosforasi na potasiamu hazijaachwa nyuma.

Chanzo cha tatu kinalihusu hasa la baridi: chombo kimejaa. Shina lake hutambaa upande mmoja, ncha ikienda mbele na sehemu ya nyuma ikizeeka. Ncha hiyo ndiyo inayotoa majani na matumba. Ikifika ukutani mwa chombo hugonga, hupanda ukuta, na wakati mwingine hutokeza nje kabisa ikabaki inaning'inia majini bila udongo. Matawi ya pembeni nayo yanazidi kugombea nafasi ileile. Hata ulishe vipi, maua hupungua.

Dawa yake ni kugawa kila baada ya miaka 2 au 3. Nyanyua chombo, mwaga mmea wote, osha tope hadi uone shina vizuri. Utakuta ncha zenye majani machanga yaliyojikunja, na nyuma yake shina jeusi lenye makovu ya vikonyo vya zamani. Kata ncha yenye afya pamoja na sentimita 10 hadi 15 za shina. Nyama ya ndani iwe nyeupe au ya rangi ya maziwa, na iwe ngumu. Sehemu ya zamani itupe, usiionee huruma. Panda ncha kwa mshazari, kitako kikigusa ukuta wa chombo na ncha ikielekea katikati, ili iwe na safari ndefu mbele yake. Chombo kiwe kipana kuliko kirefu. Kwa chotara la ukubwa wa kati, upana wa sentimita 35 hadi 45 na kina cha sentimita 20 hivi vinatosha. Jicho la ncha libaki wazi juu ya udongo. Kulifukia ni kulialika lioze.

La joto halipandwi hivyo. Kiazi chake hukaa katikati ya chombo, shingo, yaani pale majani yanapotokea, ikiwa sawa na uso wa udongo.

Udongo wenyewe uwe mzito, wa mfinyanzi. Mchanganyiko mwepesi wa miche ya ndani huelea na kuchafua maji, na mboji au samadi mbichi huoza bila hewa, hutoa gesi na kuchoma mizizi.

Kina cha maji ni chanzo cha nne. Machotara mengi ya baridi ya ukubwa wa kati hukaa vizuri yakiwa na sentimita 30 hadi 60 za maji juu ya shina. Yale madogo kama 'Pygmaea Helvola' yanatosheka na 10 hadi 25. Ya joto hupenda 15 hadi 30. Ukiliweka kwenye kina kirefu kupita asili yake, linatumia nguvu zote kurefusha vikonyo vya majani, na la ua halibaki kitu. Lililopandwa karibuni liweke juu kwanza, maji yakiwa sentimita 10 hadi 15 juu yake, na ulishushe majani yanapoongezeka. Matofali chini ya chombo yanafanya kazi hiyo vizuri.

Na kabla hujahitimisha kwamba halichanui, nenda bwawani saa mbili usiku ukiwa na tochi. Mwenye yungiyungi la usiku anayetoka kazini na kulikuta limefungwa kila alasiri anaweza kulalamika msimu mzima kuhusu mmea unaochanua kila siku.

Majani yanageuka njano

Kama ni jani moja moja, na ni yale ya nje yaliyotangulia kutoka, usifanye lolote zaidi ya kuyakata. Jani la yungiyungi halidumu. Baada ya wiki chache linazeeka, linageuka njano, kisha kahawia, na jipya linachukua nafasi. Kata kikonyo karibu na chini kadiri mkono unavyofika. Likiachwa huozea majini na kuongeza chakula cha mwani.

Kama unjano umeenea kwenye majani yote kwa pamoja, ya zamani yakitangulia, na mmea haujalishwa kwa muda, hiyo ni njaa ya naitrojeni. Lisha, uangalie majani mapya, si ya zamani. Jani lililokwisha kugeuka halirudi.

Unjano ukianzia kwenye majani machanga, nyama ya jani ikiwa njano huku mishipa ikibaki kijani kama ramani iliyochorwa, fikiria upungufu wa madini ya chuma. Mara nyingi chuma kipo udongoni, lakini maji yana chokaa nyingi. Pima pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji. Ikiwa juu ya 8, mizizi haiwezi kukichukua chuma hata kikiwepo. Chuma kilichotengenezwa kwa ajili ya mimea ya majini, kikiwekwa ndani ya udongo, husaidia, ila tafuta pia chokaa inatoka wapi. Saruji mpya isiyooshwa na kokoto za mawe ya chokaa ni washukiwa wa kwanza.

Sasa tufike kwenye unjano wa kuogopa: kuoza kwa shingo. Huku kunaua, na huambukiza. Majani yanageuka njano haraka kuliko yanavyozaliwa, matumba yanakauka au kuoza kabla ya kufika juu, na vikonyo vinakuwa vyeusi pale vinapoungana na shina. Kipimo chake ni rahisi. Shika kikonyo cha jani moja karibu na chini, uvute taratibu. Mmea wenye afya utakataa. Utahisi unavuta chombo kizima. Mmea unaooza utakuachia jani mkononi bila kushindana, mwisho wa kikonyo ukiwa laini, wa kahawia, wenye utelezi. Sogeza puani. Harufu ya uozo haifichiki.

Ukithibitisha hivyo, toa mmea wote bwawani siku hiyohiyo. Osha shina, ukate sehemu yote iliyolainika hadi ufike kwenye nyama nyeupe na ngumu, ukifuta kisu kwa spiriti kila baada ya mkato. Udongo wa zamani utupe mbali na bwawa. Chombo kisugue. Kipande kilichobaki kipande kwenye udongo mpya, ndani ya beseni lake pekee, ukitazame kwa mwezi mmoja kabla ya kukirudisha. Kama hakuna sehemu nyeupe iliyobaki, choma au zika. Kukihifadhi kwa huruma ni kuhatarisha mengine yote. Dawa za ukungu zenye shaba siwezi kuzipendekeza kwenye bwawa lenye samaki, kwa kuwa shaba ni sumu kwao hata kwa kiasi kidogo.

Kwa sababu hiyo, kila yungiyungi jipya likae kwanza peke yake kwenye beseni kwa wiki 3 au 4. Hakuna kinga nyingine iliyo rahisi hivyo.

Majani yamesimama, au yamegoma kupanda

Majani yanayosimama juu ya maji badala ya kulala yanasema kitu kimoja: nafasi imekwisha. Ama maji ni mafupi mno, ama mmea umesongamana. Shusha chombo au ugawe. Usisahau kwamba vitundu vya kupumulia vya jani la yungiyungi viko upande wa juu, tofauti na mimea mingi ya nchi kavu. Jani linapolala vizuri upande huo unaiona hewa. Linapofunikwa na wenzake, au linapolowa muda wote kwa maji ya chemchemi ya kurusha, linachoka na kuoza mapema. Chemchemi iwe mbali. Yungiyungi ni mmea wa maji yaliyotulia.

Majani yanayobaki chini ya maji, laini, membamba, mara nyingi ni ya mmea uliopandwa karibuni au uliowekwa kwenye kina kirefu mno. Unyanyue. Ikiwa ni msimu wa baridi, majani ya chini ni kawaida kwa baadhi ya machotara, na yataanza kupanda maji yakipata joto.

Mashimo, mistari na vidoti vyeusi

Vidoti vyeusi au vya kahawia vilivyokusanyika kwenye vikonyo vya maua na juu ya majani ni vidukari, na aina inayoshambulia zaidi ni Rhopalosiphum nymphaeae. Sehemu zenye majira ya baridi wadudu hawa huhamia kwenye miti ya jamii ya plamu kutaga mayai, kisha hurudi majini. Wasukume majini kwa mpira wa maji, samaki watamaliza. Bila samaki, zamisha majani kwa wavu mzito kwa saa kadhaa, urudie baada ya siku chache.

Mistari iliyojipindapinda juu ya jani, kana kwamba kuna aliyechora kwa kalamu, ni kazi ya mabuu ya visubi wanaokula ndani ya jani. Vipande vya duara vilivyokatwa safi ukingoni, na vipande hivyo ukivikuta vimebandikwa chini ya jani kama mfuko, ni viwavi wa nondo wa majini. Fungua mfuko mmoja, utamkuta mwenyewe ndani. Hawa wote wawili hudhibitiwa na bakteria Bacillus thuringiensis bila kudhuru samaki, mradi uchague aina inayofaa: kurstaki kwa viwavi, israelensis kwa visubi. Dawa za kawaida za bustani, hasa za jamii ya pairethroidi, zinaua samaki upesi sana. Zisikaribie bwawa.

Konokono wadogo husingiziwa sana. Wengi wao wanakula jani lililokwisha kuoza, na kwa kweli wanakusaidia. Konokono wakubwa wa jenasi Pomacea ndio wanaokula majani mabichi. Hao waokote kwa mkono, pamoja na mayai yao ya waridi yaliyobandikwa juu ya mstari wa maji.

Madoa juu ya jani

Kabla ya kusema ukungu, tazama jani jipya kabisa, lile linalofunguka leo. Likiwa limezaliwa na mabaka ya kahawia au zambarau yaliyotawanyika vizuri, hayo ni mapambo ya ukoo. 'Marliacea Chromatella' hutoa majani machanga yenye mabaka hayo, kisha yanafifia jani linapokua. Upande wa chini kuwa mwekundu au zambarau nao ni urithi, na upo kwenye machotara mengi.

Madoa ya ugonjwa hayazaliwi na jani. Huanza madogo, hupanuka, huzungukwa na duara la njano, kisha katikati hukauka na kutoboka. Kata majani hayo, punguza msongamano, zuia maji yanayorushwa. Kwa kawaida hiyo inatosha.

Ua halifunguki, au halidumu

Ua moja huishi siku 3 au 4, likifungua na kufunga kila siku, kisha linazama. Kuzama si kufa kwa mmea, ni mwisho wa zamu ya ua hilo.

Inafaa kulitazama siku ya kwanza. Stameni, yaani nyuzi za kiume za ua, zimesimama kama uzio, na katikati kuna kisahani kilichojaa umajimaji unaong'aa. Siku hiyo ua ni la kike tu: nyuki mwenye chavua ya ua jingine anateleza, anatumbukia kwenye umajimaji, na chavua inaoshwa hapo. Baadhi ya wadudu hufia humo. Siku ya pili umajimaji haupo, stameni zimejikunja kufunika kisahani, na sasa ndizo zinazotoa chavua. Kwa hiyo ukiona wadudu waliokufa ndani ya ua jipya, au ukiona ua la jana halifanani na la leo, hakuna ugonjwa.

Ua la siku ya kwanza mara nyingi huchelewa kufungua na huwahi kufunga. Siku ya mawingu mazito linaweza lisifungue kabisa. Tumba linalooza likiwa bado chini ya maji ni jambo jingine. Hapo rudi kwenye kipimo cha kuvuta kikonyo.

Rangi imebadilika

Yapo machotara yaliyoumbwa kubadilika. 'Aurora' la Latour-Marliac hufungua likiwa njano ya tunda la aprikoti, kesho linakuwa la machungwa, keshokutwa linakaribia wekundu. Maua matatu ya umri tofauti yanaonekana kama ya mimea mitatu. 'Wanvisa' la Thailand hutoa petali zenye mikwaruzo ya njano ambayo haijirudii, na mara nyingine mmea mzima unatoa maua ya rangi moja bila mikwaruzo. Joto kali nalo hufifisha rangi, hasa nyekundu, ambazo zinaweza hata kuungua kwenye ncha za petali.

Lakini yungiyungi lililokuwa jekundu kwa miaka na sasa ni jeupe daima halijabadilika; limepinduliwa. Kuna mmea mwingine chomboni, kipande cha jirani au mche uliotokana na mbegu, wenye nguvu zaidi, umelimeza lile la mwanzo. Nyanyua chombo, tafuta shina lenye sura tofauti, ulitenganishe mapema kabla hujalipoteza ulilolinunua.

Mche umeota juu ya jani

Pale jani linapokutana na kikonyo kumetokea kifundo chenye vijani vidogo, wakati mwingine hata kiua. Hii huwatisha watu, kumbe ni zawadi. 'Dauben' na 'Panama Pacific' huzaa hivyo kwa tabia iliyorithiwa kutoka kwa Nymphaea micrantha ya Afrika Magharibi. Jani mama litakapozeeka, kikate kifundo pamoja na kipande cha jani, ukibane juu ya udongo kwenye maji ya sentimita chache kwa kijiwe. Mche utakuwa sawa na mama kwa kila kitu, jambo ambalo mbegu haiwezi kukuahidi.

Mbegu hazipatikani

Machotara mengi ni tasa. Chavua yao ni mbovu, au mayai ya mbegu hayakui. Usiharibu msimu kuchavusha kwa mkono ua ambalo haliwezi. Yanayozaa huvuta tunda chini ya maji, na baada ya wiki kadhaa tunda hupasuka na mbegu kuelea kwa muda ndani ya ute kabla ya kuzama. Funika tunda kwa mfuko wa chandarua kama unazitaka. Miche itakayotoka itatawanyika kati ya tabia za mababu, na haitakuwa nakala ya ulichonacho.

Mmea umeelea

Shina na vikonyo vimejaa mifereji ya hewa inayopeleka oksijeni hadi kwenye tope. Ndiyo maana kipande kilichopandwa leo hupanda juu kesho. Kilaze, weka udongo, kandamiza, kisha tandaza changarawe za sentimita 2 au 3 ukiacha jicho wazi. Samaki aina ya koi huchimba hata hivyo. Kwao tumia mawe makubwa ambayo hawawezi kuyasukuma kwa mdomo.

La joto linazidi kuwa dogo

Kila jani jipya ni dogo kuliko lililotangulia, hadi yanabaki ya ukubwa wa sarafu, kisha kimya. Huku si kuoza, kama vikonyo ni vigumu na hakuna harufu. La joto likibanwa na chombo kidogo, njaa, au maji yaliyopoa kuelekea nyuzi 15 za Selsiasi, hujifunga ndani ya kiazi na kulala. Kulilisha wakati huo hakusaidii. Ikiwa maji ni ya uvuguvugu, mpe chombo kikubwa na udongo mpya. Ikiwa ni baridi, toa kiazi, osha, kihifadhi kwenye mchanga wenye unyevu mahali pasipofikia baridi kali, na usikirudishe bwawani hadi maji yafike nyuzi 21 na kubaki hapo usiku na mchana. Kiazi kilicho hai ni kigumu kidoleni na hakibonyei. Kinachobonyea hakitaota.